Wakiuliza Asili ya Kukeni

...na akisema Washirazi, basi Washirazi wa wapi, maana huko nyumbani watu wanajuana mpaka vitovu vilikozikwa, mtu hawezi kutaja kijiji akaachiwa aende zake, ataulizwa nyumba ya nani, msikiti upi, kaburi la babu liko upande gani, na Khalfan ndugu yake si mtu wa uongo wa pili, wa kwanza anaumudu, wa pili humtoa jasho la pua... Mwajuma aliusukuma mwiko mpaka chini ya sufuria, akauvuta, akausukuma tena, ngano na nyama zilikuwa zimeanza kushikana lakini bado saa nzima ya kusonga, na chakula hiki ukikiacha dakika mbili kinashika chini na nyumba yote italishwa moshi, wenyewe hapa Umm Salal, pembeni ya Doha, hukiita harisi na kwao Unguja ni bokoboko, kitu ni kile kile, na mzee mwenye nyumba haili ya mkono mwingine, mwaka wa ishirini na mbili huu. "Maju, hunisikilizi." "Nakusikiliza." "Nimesema nini?" "Umesema yule mtumwa wa Marekani bwana wake alimchukua akamkalisha kwenye nchi isiyo na watumwa." "Halafu?" "Halafu hujasema, unakula zabibu za watu." Dana, binti wa nyumba hii, akacheka, akachukua nyingine, amekaa juu ya meza ya jikoni miguu inaning'inia kama alivyokuwa akikaa na miaka mitano, leo ana ishirini na bado Mwajuma anaona kama ataanguka, na makaratasi yake yametapakaa mpaka kwenye mdalasini, Jumapili atasimama mbele ya mwalimu wake Mmarekani pale chuoni aeleze katiba ya Marekani, na kila kitu anachotaka kukisema mbele ya watu lazima kwanza akipitishe jikoni, kwa Kiswahili, desturi yake tangu darasa la kwanza, jedwali la saba alilisoma hapa, sura za Qurani alizisoma hapa, mfumo wa damu mwilini aliueleza hapa siku Mwajuma anachinja kuku, akashika moyo wa kuku akauinua, na husema Maju akielewa hata ukuta utaelewa, nalo sijui ni sifa au tusi, Mwajuma hajapata kuamua. "Basi bwana akamrudisha kwenye nchi ya watumwa, yeye na mkewe Harriet, na watoto wawili, mabinti. Na bwana akafa. Wakaenda mahakamani wakasema, sisi tumeishi pale ambapo hakuna mtumwa, basi sisi si watumwa tena. Umeelewa?" "Nimeelewa. Mtu akishaonja hewa." "Ee, wallah, hivyo hivyo, hiyo nitaiandika," na akaiandika kweli, kwa Kiingereza, ulimi umetoka pembeni ya mdomo... na Khalfan anangoja, sauti yake imo kwenye simu pale juu ya friji, amekwishaisikiliza mara tatu, Da Mwaju, posa ya Harun kuumeni washaridhika, baba yake Husna kasema nyumba ya marehemu Makame anaijua, watu wazuri, lakini kauliza kukeni, wanarudi baada ya alasiri kuchukua jawabu, nambie n'seme nini dada, n'seme kama alivyokuwa akisema mjomba? Na saa ya Unguja na saa ya Doha ni moja, hakuna hata pa kujifichia hapo, alasiri ya huku hutangulia ya kwao kidogo tu, imebaki nusu saa.

Aseme kama alivyokuwa akisema mjomba, kwani shida nini, maneno matatu tu, na Harun apate mke wake, kijana amempenda Husna tangu wanasoma tuisheni pamoja, miaka minne anaweka akiba ya mahari, hazungumzi simu ikapita dakika tano bila kumtaja, Husna kasema, Husna kapika, Husna kanuna, na Mwajuma husikia mpaka moyo ukalainika, mtoto aliyemwacha na miaka mitano mgongoni kwa bibi yake leo ananunuliwa kofia ya bwana harusi, atakosaje kumsaidia kwa maneno matatu... maana yeye anajua kukataliwa kulivyo, haambiwi na mtu. Miaka ishirini alikuwa nayo, umri wa huyu Dana, barua ya posa imeletwa ndani ya bahasha ya rangi ya waridi na kitambaa cha hariri, mwalimu wa Fuoni, kijana wa kalamu mbili mfukoni, jawabu limekwishatolewa, siku ya kutia pete inatafutwa, na bibi mmoja wa Mwera akafungua kinywa kwenye hitima ya watu, ati hawa si kizazi cha Tufaha, Tufaha yule aliyekuwa akichuma karafuu kwenye shamba la Mwarabu, mtumwa wa kununuliwa, si alifia kwenye kibanda kando ya shamba lile lile... na kabla ya Ijumaa kufika kitambaa kikaja kuchukuliwa. Hawakutukana. Walikunywa chai, wakasifu kaimati, wakasema riziki hupangwa na Mungu, na shangazi yake mwalimu akaikunja hariri ile vizuri kabisa, kona kwa kona, kama anayerudisha nguo iliyokosea kipimo, na mwalimu mwenyewe alipokutana naye sokoni wiki ya pili alivuka barabara. "Maju, hapa ndipo pagumu, niskize vizuri," Dana alisema, "kesi ilichukua miaka kumi na moja," na Mwajuma akasema kumi na moja, akaitikia hivyo hivyo mwiko unakwenda... na usiku ule ule, hapana, kesho yake baada ya alfajiri, mjomba alifungua kasha la mama yake, Bi Mauwa, bibi yake Mwajuma, akatoa karatasi iliyofungwa kwenye kitambaa cha kaniki, akaitia kwenye jiko la chai. Mwajuma alikuwa mlangoni. Karatasi ya zamani haiwaki kwa haraka, ilijikunja kwanza, ikawa kahawia, muhuri ukaonekana kidogo, na mjomba akaipuliza. Mtu mzima na kofia yake kichwani, ameinama, anapuliza, na machozi yanamtoka akasema ni moshi. Toka leo sisi Washirazi wa Makunduchi, akasema, na atakayeniuliza mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Naye ndiye aliyekuwa hodari wa kusema mwacha asili ni mtumwa kwenye harusi za watu, anaisema na kidole juu, hata hakohoi.

"...unajua mahakama iliwajibu nini?" "Iliwakataa." "Laa, si kuwakataa. Hapo ndipo pagumu. Kukataa ni kusema tumekusikia na tumesema hapana. Wao walisema hawawezi hata kuwasikia." Dana aliteremka mezani, akasimama katikati ya jikoni kwenye zulia la plastiki, sauti imebadilika, ndiyo sauti ya Jumapili hiyo. "Jaji mkuu alisema mtu mweusi ambaye wazee wake waliletwa na kuuzwa si raia, hajapata kuwa raia, na hawezi kuwa, hata akiwa huru, kwa hiyo mlango wa mahakama si wake. Yaani, Maju, hawakuambiwa mmeshindwa. Waliambiwa nyinyi hamna haki ya kuuliza. Kwa sababu ya bibi zao." Kwa sababu ya bibi zao, Mwajuma alirudia moyoni, na mkono ukapunguza kasi, akauhimiza... jaji huyo naye alikunywa chai gani, alisifu kaimati za nani. "Na kule sheria yao ilikuwa mtoto hufuata tumbo," Dana aliendelea, "mama akiwa mtumwa mtoto ni mtumwa, baba hata awe nani haulizwi. Harriet alikuwa na mabinti, ukimwacha Harriet mtumwa basi mabinti nao, na wajukuu nao. Mimi nadhani yeye ndiye aliyemsukuma mumewe aende mahakamani. Mwalimu anasema hatuna ushahidi wa hilo. Wewe unaonaje?" "Mwambie mwalimu wako," Mwajuma alisema, "aulize mwanamke yeyote mwenye binti," na Dana akaandika na hiyo, anaandika kila kitu, tangu utotoni ukimwambia kitu cha maana lazima akitie mahali, ukutani ikibidi. Tumbo. Kukeni je, amesema mzee wa Husna. Kuumeni washaridhika. Naye Makame, Mungu amrehemu, fundi wa mawe, mikono kama msasa, yeye hakuuliza kuumeni wala kukeni, alipoambiwa na watu akajibu kwani mnadhani naoa kaburi, akaja na barua yake kwenye bahasha ya kaki ya ofisini kwa sababu ile ya waridi hakuijua inauzwa wapi, na Mwajuma alicheka wiki nzima, na mpaka leo akiona bahasha ya kaki hujisikia ameposwa... na Harun hajui. Hilo ndilo. Harun hajui chochote. Amekua na Washirazi wa mjomba, shuleni aliwahi kuandika insha juu yao akapata alama nzuri, akamsomea kwa simu, na yeye huku Doha amekaa chooni mlango umefungwa apate faragha, akasema hongera baba.

Na Dana je, Dana alimwambia nini, Dana anajua hadithi za sungura zote, anajua nyimbo za kubembelezea, anajua mpaka jina la mbuzi wa Bi Mauwa, usiku wa homa ya surua alimsimulia mpaka sauti ikakauka, mtoto wa watu huyu, amemnyonyesha kila kitu isipokuwa maziwa, na yule wa tumboni mwake akampa uongo wa mjomba, na hata ule hakumpa yeye mwenyewe, aliuacha nyumbani kama funguo chini ya mkeka, atakayefika auchukue. Wala Dana si wa kulaumiwa, ni mtoto mzuri, siku baba yake alipotaka kumbadilisha Mwajuma na msichana mdogo kutoka huko kwengine alikataa kula siku mbili, ana miaka saba tu, akasema kama Maju anakwenda basi na mimi naingia kwenye sanduku lake, na akaingia, wakamkuta amelala juu ya kanga. "Basi mwaka ule ule," Dana alikuwa akisema, kwa sauti yake ya kawaida sasa, "kuna mtu akawanunua akawaacha huru. Yule mume hakukaa sana, alifanya kazi ya kubeba mizigo hotelini mwaka mmoja hivi, akafa kwa kifua kikuu. Lakini Harriet akaishi. Akifua nguo za watu. Ikaja vita, akaishi, utumwa ukapigwa marufuku kwenye katiba, akaishi, halafu wakaandika lile badiliko la kumi na nne, nalo ndilo mada yangu hasa, kwamba kila aliyezaliwa pale ni raia, basi, haulizwi bibi. Harriet alikuwa hai, Maju. Yule jaji alikuwa ameshakufa na Harriet yupo anafua." "Alhamdulillahi," Mwajuma alisema, na alimaanisha, akamwona kabisa mwanamke huyo na beseni lake, na kiuno kinavyouma saa kumi. "Alhamdulillahi, lakini ngoja, maana baada ya hapo karatasi iliandikwa na watu wakakaa karibu miaka mia bado wanazuiwa kupiga kura, wanazuiwa kukaa kwenye kiti cha basi, karatasi ipo, mpaka wenyewe wakasimama tena wakaidai ile karatasi ifanye kazi." Akatafuna kalamu. "Maju. Kama ungemzaa Harun hapa." "Nisingemzaa hapa." "Lakini kama." "Angekuwa Harun wa Makame aliyezaliwa hapa, na pasi ya Tanzania. Kwenu nyinyi mtu hufuata baba. Wajua hayo." "Najua," Dana alisema polepole, na akamtazama kwa macho yale makubwa ambayo tangu mchanga hayajui kuficha kitu, na Mwajuma akamwonea huruma, ni jambo zito hilo kuligundua jikoni, akamwambia, "Usininunie kwa ajili hiyo, mimi kwetu ninako," na akasikia alichokisema.

Kwetu ninako. Wapi? Makunduchi, ambako hana hata shangazi? Kwao ni Mwera, kwao ni kile kibanda kando ya shamba, na Tufaha, mama yake bibi yake, aliyetoka Mwera akaenda mjini kwa miguu na tumbo la miezi minane, Bi Mauwa yumo ndani, Bi Mauwa mwenyewe alimhadithia, Mwajuma ana miaka kumi anapukuchua mahindi, akasema mama yangu alisikia kwamba serikali imetoa amri, mtumwa akiomba mahakamani anapewa hati, na bwana alimwambia Tufaha wewe unakula kwangu unalala kwangu hati utaifanyia nini, na wenzake wakamwambia huko mjini watakuuliza maswali, utajibu nini wewe, na yeye akajitwika kikapu akaenda. Akauliza njia. Akangoja kwenye baraza siku mbili, hana anapolala. Karani akamuuliza baba yako nani, akasema simjui, nilichukuliwa Nyasa ni mdogo, na karani akaandika binti Abdalla, kama walivyoandikwa wengi wasiojua baba. Na alipopewa ile karatasi hakujua kuisoma, akawa anampa kila mtu barabarani amsomee, njia nzima mpaka Mwera, na akifika kwenye jina lake anasema hapo, rudia hapo... Huyo ndiye aliyechomwa kwenye jiko la chai. Si karatasi, ni yeye, na mjomba akipuliza. Na miaka thelathini na zaidi yeye Mwajuma kila akiulizwa asili amesema Makunduchi, kwenye fomu, kwenye harusi, kwa wenzake wa Kitanzania wanapokutana Al Wakrah sikukuu, amesema Makunduchi, na kila akisema, Tufaha anakuja mpaka mlangoni na kikapu chake na anaambiwa mlango huu si wako, wewe huna haki hata ya kuuliza. Basi jaji nani? Si wale wa kitambaa cha hariri. Wale walimkataa mara moja, wakaenda zao. Yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti cha hukumu miaka yote hii, anasonga bokoboko na kumfukuza mama yake bibi yake, na mkono ukasimama, Mungu wangu, ukasimama kabisa, na harufu ya kuungua ikaanza kupanda kidogo. "Maju, inashika." "Naiona," akausukuma mwiko kwa mikono miwili, akakwangua, akakoroga, na akajishangaa kwamba analia na wala si kwa huzuni, ni kama mtu aliyemwona jamaa yake uwanja wa ndege baada ya miaka, katikati ya watu, anamtambua kwa mwendo. Na kama mzee wa Husna atakataa? Anaweza kukataa. Ni mtu wa mji, ana majirani wake, ana dada zake wa kukunja hariri. Harun atavunjika moyo, na atamlaumu mama yake, na atakuwa na haki. Lakini wakimkubali Mshirazi, basi aliyeoa ni Mshirazi, na Harun atakaa kwenye nyumba yake maisha yake yote anasikiliza nani atafungua kinywa kwenye hitima. Hapana. Makame asingekubali. Makame angetafuta bahasha ya kaki.

"Dana. Nipe simu, iko juu ya friji. La, ishike wewe, mikono yangu hii. Mtafute Khalfan, bonyeza pale pa kusema." "Umelia?" "Nimelia, nitakueleza, Jumapili utasema na haya ukitaka. Kwanza bonyeza." Dana akaja karibu, akaisogeza simu mpaka kinywani kwake kama anayemlisha, kidole gumba kimebonyeza, na harufu ya udi iko nyweleni mwake, na Mwajuma akainama kidogo, mwiko unakwenda. "Khalfan, mwite Harun, mkae nyote wawili, msikilize kabla hawajaja. Harun mwanangu, nisamehe, haya ulipaswa uyasikie kwangu tangu zamani. Sisi si watu wa Makunduchi. Mama yake bibi yangu jina lake Tufaha, alichukuliwa Nyasa ni mtoto, akauzwa, akawa mtumwa wa shamba Mwera. Akaenda mahakamani mwenyewe kwa miguu, na mimba yake, akadai hati yake, akapewa. Hati mjomba wangu aliichoma, kwa hiyo hatuna cha kuwaonyesha, tuna midomo yetu tu. Mimi niliwahi kuachwa kwa ajili yake na nikaona haya, na kwa haya yangu nimekuficha bibi yako. Alasiri wakija, usimwachie mjomba wako aseme. Sema wewe. Anza na Husna, umwambie yeye kwanza, asiyasikie kwa wazee. Na wakinyanyuka, wape chai, uwasindikize mpaka mlangoni, urudi ndani ukae." Pumzi zikamwishia. Dana alikuwa ameganda, kidole bado kiko pale pale, macho yamejaa, na sekunde zinahesabiwa juu ya kioo, na nje kwenye msikiti wa mtaani kipaza sauti kilikuwa kimeanza kukwaruza.

"Nitume?" aliuliza.

"Tuma," Mwajuma alisema, akaendelea kusonga.